Tao kando ya Andromeda: kwa nini lilionwa na watu wa ridhaa

Panga angani miezi mipevu mitatu, mmoja ubavuni mwa mwingine. Huo ndio urefu wa tao la gesi lililo kando ya galaksi ya Andromeda, nyuzi moja na nusu hivi. Hakuna kitu kinacholifunika. Liko katika mojawapo ya sehemu za anga zinazopigwa picha mara nyingi zaidi duniani, maana Andromeda ndiyo galaksi kubwa iliyo jirani yetu, na karibu kila anayepata darubini na kamera huianza hiyo. Hata hivyo hakuna aliyejua kwamba tao lile lipo hadi mwaka 2022. Waliolibaini hawakuwa waajiriwa wa kituo chochote kikubwa cha anga. Walikuwa Wafaransa wawili, Yann Sainty na Xavier Strottner, pamoja na Mjerumani Marcel Drechsler.

Januari 2023 taarifa yao ilichapishwa katika jarida la Jumuiya ya Astronomia ya Marekani, wakiwa wameandika pamoja na wanasayansi wa vyuo vikuu, na tao likapewa jina linalotokana na herufi za majina yao matatu: SDSO-1. Mwaka huohuo picha yao ilishinda tuzo kuu ya shindano la picha za anga la Royal Observatory Greenwich, Uingereza.

Kiswahili kina neno linalowafaa watu hawa: ridhaa. Tunasema ngumi za ridhaa, timu ya ridhaa. Bondia wa ridhaa si lazima awe dhaifu. Tofauti yake ni kwamba haingii ulingoni kwa malipo. Mwanaastronomia wa ridhaa ni vivyo hivyo. Ana kazi nyingine ya mchana, darubini kaigharimia mwenyewe, na usingizi anaoupoteza ni wake.

Swali linalokuja haraka ni hili: darubini za mabilioni ya dola zilikuwa wapi? Inakuwaje kitu kikubwa mara tatu ya Mwezi kipite mbele ya macho yao yote, kisha kinaswe na lenzi ya milimita 106 ambayo mtu anaweza kuibeba mkononi? Jibu si uzembe wa wataalamu, wala si bahati ya wale watatu. Lipo katika tabia ya nuru yenyewe.

Nebula, kwa Kilatini, ni wingu au ukungu. Zamani neno hilo lilibeba kila kitu angani kilichoonekana kama doa lisilo na ukingo. Mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi, akiwa Isfahan, aliitaja Andromeda kama wingu dogo. Leo tunajua ile ni galaksi, mkusanyiko wa mamia ya mabilioni ya nyota, na neno nebula limebaki kwa mawingu halisi ya gesi na vumbi yaliyotanda kati ya nyota. Mengine hung'aa kwa kuakisi tu nuru ya nyota iliyo karibu. Kilimia, ambacho wakulima wetu wamekitazama vizazi na vizazi kujua msimu, kimezungukwa na ukungu wa namna hiyo. Jicho halimudu kuuona. Aliyeuona wa kwanza, kandokando ya nyota ya Merope, alikuwa Wilhelm Tempel mwaka 1859, akiwa Venice na darubini ndogo. Riziki yake wakati huo ilikuwa uchoraji wa kuchapisha kwa mawe. Mawingu mengine hung'aa yenyewe: nyota yenye joto kali huyapiga kwa miale ya urujuanimno, au gesi huyagonga kwa kasi kubwa, na atomi zake zikatoa rangi. Tao la Andromeda ni la kundi hili la pili.

Wengi hudhani kazi ya darubini ni kukuza. Kwa nebula, kukuza kunaweza kuwa hasara. Nyota ni nukta, na hata uikuze vipi hubaki nukta, kwa hiyo kioo kipana kikikusanya nuru nyingi, nyota hung'aa zaidi. Wingu lina eneo. Ukilikuza, nuru ileile inatandazwa mahali papana zaidi, kama kijiko kimoja cha samli kinachopakwa chapati nne badala ya moja. Samli ni ileile, ila kila chapati imepata kidogo. Kinachoamua kama wingu litaacha alama kwenye kamera ni uwiano kati ya urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi pale nuru inapokutana, na upana wa lenzi. Uwiano ukiwa mdogo, nuru hurundikana. Darubini ya Sainty ilikuwa na uwiano wa 3.6, na kwa wingu pana na hafifu, huo ni uwiano mzuri kuliko wa darubini nyingi zenye vioo vya mita kadhaa.

Halafu kuna upana wa dirisha. Kamera kuu ya Hubble huona kipande cha anga kidogo kiasi kwamba ungehitaji makumi ya picha zake kuufunika Mwezi mpevu mmoja. Picha kubwa ya Andromeda iliyotolewa na Hubble Januari 2025 iliunganishwa kutokana na zaidi ya picha 600 zilizopigwa kwa zaidi ya miaka kumi, na hiyo ni galaksi peke yake, bila anga lililoizunguka. Ukiwa umesimama sentimita mbili mbele ya ukuta uliopakwa rangi ya maziwa, hutajua kwamba upande wa kulia rangi inakolea kidogo. Itakubidi urudi nyuma. Lenzi ndogo ya mtu wa ridhaa ndiyo hatua hiyo ya kurudi nyuma. Galaksi nzima pamoja na ujirani wake huingia ndani ya fremu moja.

Lakini upana hautoshi, maana picha pana za Andromeda zimepigwa tangu karne ya 19. Ile iliyowaonyesha watu kwa mara ya kwanza mikono yake ya mzunguko ilipigwa Desemba 1888 na Isaac Roberts, mtu wa Wales aliyetajirika kwa biashara ya ujenzi na kutumia mali yake kujijengea chumba cha kutazamia anga. Naye alikuwa wa ridhaa. Baada ya Roberts zimepigwa picha zisizohesabika, na tao halikuonekana. Kilichokosekana ni rangi sahihi.

Hapa inabidi tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha jambo.

Tao hili halitoi rangi zote kama taa ya chumbani. Karibu nuru yake yote inayonaswa hutoka kwenye oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, na hutoka katika urefu wa wimbi wa nanometa 500.7, kijani kinachoelekea buluu. William Huggins, Mwingereza aliyeachana na duka la familia la vitambaa na hariri ili atazame nyota, aliikuta rangi hiyo Agosti 1864 alipoelekeza spektroskopu yake, chombo kinachotenganisha nuru katika rangi zake, kwenye nebula ndogo ya kundinyota la Draco. Alitarajia upinde wa mvua, akakuta mistari michache tu ya rangi. Mistari miwili ya kijani haikufanana na ya elementi yoyote iliyojulikana maabara. Watu wakadhani ni elementi mpya, ambayo baadaye iliitwa nebulium, na fumbo hilo likadumu zaidi ya miaka 60. Mwaka 1927 Ira Bowen, Mmarekani, alionyesha kwamba ni oksijeni, hii tunayoivuta, ila katika mazingira ambayo hakuna maabara ya wakati ule iliyoweza kuyatengeneza.

Oksijeni hiyo ikishasisimuliwa huchukua zaidi ya nusu dakika kwa wastani kabla ya kuitoa nuru ile. Ndani ya hewa tunayoishi, molekuli moja hugongana na wenzake mabilioni ya mara kwa sekunde. Atomi iliyosisimka hapa kwetu ingepokonywa nishati yake muda mrefu kabla ya kupata nafasi ya kung'aa. Kule juu, gesi ni nyembamba kuliko ombwe lolote tunaloweza kutengeneza kwa mashine, na atomi hukaa peke yake hadi muda wake utimie. Kila ninapoifikiria hali hiyo nashangaa upya: rangi ile ya kijani ni ushahidi wa upweke. Penye msongamano haipatikani.

Sasa fikiria kamera ya kawaida, inayopokea nuru yote kutoka nanometa 400 hadi 700. Ndani ya upana huo wa nanometa 300 kuna taa za miji, mng'ao wa angahewa lenyewe, mwanga wa nyota na wa galaksi. Nuru ya tao imo, lakini imezama. Ukiweka mbele ya kamera kichujio kinachopitisha nanometa 3 tu, katikati yake ikiwa 500.7, mwanga uliosambaa katika rangi zote hupungua hadi karibu sehemu moja ya mia, huku nuru ya oksijeni ikipita karibu yote. Vichujio vya namna hii, ambavyo zamani vilikuwa vitu vya maabara, leo vinauzwa kwa mtu yeyote. Miradi mikubwa ya kupima anga ilikuwa imezoea zaidi kutumia kichujio cha hidrojeni, wekundu wa nanometa 656.3, kwa kuwa hidrojeni ndiyo gesi iliyo nyingi kuliko zote. Katika rangi hiyo nyekundu tao linakaribia kutokuwepo. Watafiti walikuwa wamepekua anga lote kwa taa nyekundu, na kitu chenyewe kilikuwa cha kijani.

Kinachobaki ni muda. Picha iliyoshinda Greenwich ilikusanya nuru kwa saa 111, kutokea karibu na mji wa Nancy, kaskazini mashariki ya Ufaransa. Ukipata saa tano za anga safi kila usiku, hizo ni usiku 22, na kwa hali ya hewa ya Ulaya usiku 22 safi haziji mfululizo. Saa hizo hazikukusanywa kwa mkupuo mmoja. Kamera hufunguliwa dakika chache, hadi kumi, inafungwa, inafunguliwa tena, mamia ya mara, huku mota ikiizungusha darubini polepole kuifuata anga. Baadaye kompyuta huzilinganisha picha zote nyota kwa nyota na kuzijumlisha.

Kwa nini kujumlisha kunasaidia? Fikiria umeacha simu irekodi sauti sokoni Kariakoo kwa dakika kumi kila siku, na kila siku, katika sekunde ileile, kuna mtu anapiga mluzi mwepesi sana. Rekodi moja haikupi kitu, maana mluzi umemezwa na kelele za wauzaji na bodaboda. Rundika rekodi mia moja, moja juu ya nyingine. Mluzi, kwa kuwa unaangukia mahali palepale kila siku, umekuwa mara mia. Kelele haikupanda mara mia, kwa sababu leo imepanda pale ilipokuwa jana imeshuka, nyingine inafuta nyingine. Hukua kwa kipeuo cha pili cha mia tu: mara kumi. Mluzi umeizidi kelele mara kumi zaidi ya ilivyokuwa mwanzo, na sasa unausikia. Hesabu hii ina ukatili wake. Ukitaka picha safi maradufu unahitaji muda mara nne, na ukitaka mara kumi unahitaji mara mia. Saa moja haitoi kitu, saa 100 zinatoa tao.

Na hapo ndipo wataalamu walipofungwa mikono. Muda wa darubini kubwa hugawiwa na kamati. Wanasayansi huandika maombi, hueleza watatazama nini na kwa sababu gani, na wengi hunyimwa kwa kuwa usiku hazitoshi. Nani angeidhinisha saa 111 zitumike kwenye kipande cha anga ambacho hakuna aliyewahi kudokeza kwamba kina kitu? Sainty hakuhitaji idhini ya mtu. Mtu wa ridhaa akitaka kukaa miezi mitatu juu ya kitu kimoja anakaa, na akikosa atakachokitafuta amepoteza usingizi wake mwenyewe. Naamini huo ndio utajiri wao, kuliko hata vifaa.

Tao lilipojitokeza, kazi ya kulitilia shaka ilianza. Anayepiga picha za nuru hafifu kiasi hiki anajua kwamba darubini yake inaweza kumdanganya. Nuru ya nyota kali hugonga lenzi na kichujio, ikarudi, ikaacha duara au mkia wa ukungu. Vumbi kwenye kioo huacha kivuli. Mji ulio upande mmoja huacha mwanga unaopanda taratibu kutoka pembeni mwa picha. Ndiyo maana, pamoja na picha za anga, hupigwa picha nyingine huku lenzi imezibwa ili kupima kelele za kihisi, na nyingine za uso mweupe uliomulikwa sawasawa ili kupima vumbi na giza la pembeni, kisha makosa hayo hutolewa kwa hesabu. Hata baada ya hapo, shahidi mmoja hatoshi. Tao lilikubaliwa kuwa la kweli kwa sababu wapigapicha wengine, akiwemo Bray Falls wa Marekani, walilipata kwa darubini tofauti, kamera tofauti na kutoka nchi nyingine. Mwakisiko wa ndani ya lenzi moja hauwezi kuhamia kwenye lenzi ya mtu mwingine upande wa pili wa bahari.

Tahadhari hii ina uzito zaidi sasa kuliko miaka kumi iliyopita. Programu zinazotumika kusafisha picha, kuondoa nyota ili wingu libaki peke yake, nyingi zinatumia akili mnemba iliyofundishwa kwa maelfu ya picha. Hufanya kazi nzuri sana, na huweza pia kuchora nyuzi za gesi ambazo hazipo, kwa sababu zimezoea kuona nyuzi. Kwa picha ya ukutani hilo ni suala la ladha. Kwa anayedai kugundua kitu ni suala la ukweli, na jamii ya wapigapicha hawa, kwa sifa yao, huwa wakali: picha ghafi ziko wapi, saa ngapi, kichujio gani, nani mwingine ameona?

Kulipata tao, basi, kulikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua ni nini, na hiyo imechukua muda mrefu zaidi.

Tatizo ni umbali. Picha ya anga haina kina. Kitu kilicho karibu na kilicho mbali hulala juu ya karatasi moja. Kama tao liko kwenye umbali wa Andromeda, miaka nuru milioni 2.5, nyuzi zake moja na nusu zinamaanisha urefu wa miaka nuru kama 65,000, jambo ambalo lingekuwa kubwa mno: mgongano wa gesi ya galaksi mbili, Andromeda na hii yetu, ambazo tunajua zinasogeleana. Wazo hilo lilijadiliwa kwa dhati. Kama liko ndani ya galaksi yetu, umbali wa miaka nuru 2,000 kwa mfano, urefu wake ni miaka nuru 50 hivi. Bado ni kikubwa, lakini ni cha mtaani kwetu, na kukaa kwake mbele ya Andromeda ni sadfa ya mstari wa macho, kama nzi kwenye dirisha anayeonekana kutua juu ya mlima.

Njia mojawapo ya kuamua ni kupima kasi. Andromeda inatujia kwa kilometa 300 hivi kwa sekunde, na kasi hiyo huusogeza mstari wa oksijeni kwa takriban nusu nanometa kuelekea buluu. Nusu nanometa ni kidogo, ila spektroskopu huiona bila shida. Watafiti waliolipima tao walikuta kasi yake inafanana na ya gesi iliyo ndani ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, haina mbio zile za Andromeda. Kwa hiyo ushahidi unaegemea upande wa mtaani kwetu.

Mwaka 2025 kundi lililoongozwa na Patrick Ogle lilitoa maelezo ninayoyaona kuwa ya kuridhisha kuliko yote yaliyotangulia. Karibu na tao, kwa jinsi tunavyoliona, kuna nyota iitwayo EG Andromedae, iliyo umbali wa karibu miaka nuru 2,000. Kwa kweli ni nyota mbili zinazozungukana kwa siku 482 hivi: jitu jekundu lililovimba, na nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha kuzeeka. Kabla ya kuwa kibete, nyota ile ilivua tabaka zake za nje na kuziachia angani. Mawingu ya aina hiyo huitwa nebula za kisayari, jina lililobaki tangu zama ambazo yalionekana kama visahani vidogo mithili ya sayari, ingawa hayana uhusiano wowote na sayari. Kwa kawaida hutawanyika na kupotea baada ya makumi ya maelfu ya miaka. Kwa mujibu wa Ogle na wenzake, hili ni la zamani sana, limebaki mzuka, na tunachokiona ni upande wake wa mbele tu, pale gesi ya nyota hii inayosafiri inapojikusanya ikisukumana na gesi iliyotulia ya galaksi, kama maji yanavyojikunja mbele ya omo ya jahazi.

Wakiwa sahihi, basi kule nje kuna mizuka mingine mingi ambayo hatujaiona, kwa sababu zilezile zilizolificha tao hili: mipana mno, hafifu mno, na ya rangi moja.

Dalili kwamba ipo zimekuwapo muda. Mwaka 2011 Nicolas Outters, akipiga picha kutoka Alpi za Ufaransa kwa kichujio cha oksijeni, alikuta ndani ya wingu jekundu lililojulikana miaka mingi umbo refu la buluu lenye pande mbili, zaidi ya upana wa Mwezi mara mbili. Leo linaitwa Ngisi Mkubwa, na ukiliona utajua kwa nini. Julai 2008 Dave Jurasevich, akiwa mlima Wilson huko California, aliona katika picha zake kiputo kilicho karibu duara kamili, chembamba kama povu la sabuni, katikati ya eneo la kundinyota la Cygnus ambalo wengi walidhani limekwisha kuchunguzwa. Siku chache baadaye Mel Helm na Keith Quattrocchi nao wakakikuta bila kujua habari zake.

Kuna pia kisa cha Jay McNeil, cha aina nyingine kabisa. Januari 2004, uani kwake Kentucky, alipiga picha ya eneo la nebula M78 katika kundinyota la Jabari (Orion) kwa darubini yenye lenzi ya sentimita nane hivi. Alipoikagua aliona ukungu mdogo ambao haumo katika ramani. Haukuwa umefichika, ulikuwa mpya: nyota changa iliyozungukwa na vumbi ilikuwa imelipuka kwa mng'ao na kulimulika wingu lake. Baadaye ulififia, ukawaka tena 2008, na kufikia mwishoni mwa 2018 ulikuwa umetoweka. Kama McNeil asingekuwa anazijua picha za zamani za eneo lile kwa moyo, angeupita.

Na si wote wanaohitaji hata darubini. Dana Patchick, Mmarekani, hupekua picha za kumbukumbu zilizopigwa na setilaiti na vituo vikubwa, ambazo ziko wazi kwa yeyote kwenye intaneti. Agosti 2013, katika picha za miale isiyoonekana ya setilaiti ya WISE, alikuta duara dogo lililopewa jina Pa 30. Wanasayansi walipolifuatilia, walihitimisha kwamba huenda ni masalio ya nyota iliyolipuka mwaka 1181, ile ambayo waandishi wa China na Japani waliirekodi ikionekana kwa karibu miezi sita kisha ikazimika. Kwa zaidi ya miaka 800 hakuna aliyejua kwa uhakika ilikokuwa. Strottner na Drechsler nao walianzia hukohuko: kupekua kumbukumbu, kutafuta doa linalotiliwa shaka, kisha kuwaomba wenye darubini walipige kwa saa nyingi.

Njia hii ya pili inanigusa zaidi kwa sababu haihitaji gari la vifaa wala leseni ya kuvipitisha bandarini. Inahitaji kompyuta, data, na macho yasiyochoka. Na hata kwa picha mpya, zipo darubini za kukodi kwa saa, Namibia na Chile, ambazo mtu wa Morogoro au Bukavu anaziendesha kupitia intaneti. Kwa sisi tulio karibu na Ikweta kuna faida moja ya kijiografia isiyonunuliwa: karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita juu yetu katika mwaka. Wa Ulaya hawaoni kusini ya mbali, na wa Afrika Kusini hukosa sehemu kubwa ya kaskazini. Kikwazo chetu ni mawingu ya kawaida, haya ya mvua, na mvuke wa pwani unaoloanisha lenzi.

Tao lenyewe hutaliona kwa jicho, hata kwa darubini. Lakini mahali lilipo unaweza kupaona. Katikati ya Novemba, vuli ikikuachia usiku mmoja mkavu, toka nje saa tatu usiku, mbali na taa, ugeuke kaskazini. Ukiwa Dar es Salaam, Andromeda itakuwa karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, doa la ukungu lililorefuka, lilelile la al-Sufi. Ielekezee darubini ya macho mawili. Juu yake kidogo, upande wa kulia, miongoni mwa vinukta vingi, ipo EG Andromedae, ambayo darubini hiyo inaimudu. Ukiendelea juu na kulia kutoka katikati ya galaksi, zaidi kidogo ya upana wa miezi miwili, unatazama giza. Tao liko hapo.